Fatwa Yangu ya Daku: Somo Kuhusu Dawa Zinazokutana Mwilini

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika mtaa wetu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, mtu akishajulikana kuwa anasoma masomo ya Kiislamu chuoni, basi amekwisha kuwa shekhe hata kabla hajamaliza mwaka wa pili. Ataulizwa kuhusu zaka, mirathi na talaka ya jirani, na mwezi wa Ramadhani ukiingia ataulizwa kuhusu dawa. Matone ya macho yanaharibu funga? Sindano je? Mimi pia nimeulizwa hayo, na nilikuwa najibu haraka kwa sababu majibu yake yamo katika vitabu tunavyosoma. Makala haya yanahusu jibu moja nililolitoa haraka mno, na aliyelilipia ni bibi yangu, mama yake mama.

Bibi ana ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Anatumia vidonge vya glibenklamidi, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Ramadhani ilipoingia hakwenda kuuliza popote. Kidonge cha asubuhi alikisogeza daku, cha jioni akakimeza wakati wa kufuturu, akafunga siku kumi za mwanzo salama. Siku ya kumi na moja alianza kupata maumivu wakati wa kukojoa. Mjomba alikwenda duka la dawa akaeleza shida, akapewa kotrimoksazoli, ambayo wengi tunaiita Septrin: vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Muuzaji hakuuliza kama mgonjwa ana dawa nyingine, na mjomba hakusema.

Jioni ile Bibi aliniita. "Mjukuu wangu, wewe ndiye msomi wetu. Hizi za asubuhi nizimeze saa ngapi? Au niende zahanati nikaulize?" Nikamwambia, "Hakuna haja, Bibi. Meza zote daku pamoja na kile cha sukari. Usiku kumeza dawa hakuharibu funga." Alifurahi, akaniombea dua.

Siku ya tatu baada ya hapo, kama saa kumi alasiri, alianza kutokwa na jasho jingi huku mikono ikitetemeka. Akasema moyo unakwenda mbio. Mama akasema afungue. Bibi mwenyewe akanitazama mimi. Nami nikasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nasoma istighfari: "Vumilia Bibi, zimebaki saa mbili tu." Baada ya dakika chache akaanza kumwita mama kwa jina la dada yake aliyekwisha fariki. Hapo ndipo jirani yetu, ambaye ni muuguzi, alipoitwa. Alikuja na kipimo chake kidogo cha sukari, akamchoma kidole. Kilisoma miligramu 38 kwa desilita. Chini ya 70 ni sukari iliyoshuka, chini ya 54 ni hatari. Bibi alikuwa bado anaweza kumeza, basi muuguzi akamnywesha maji yenye sukari vijiko vinne, akapima tena baada ya dakika kumi na tano, akamwongeza, kisha akasema, "Sasa hospitali. Dawa hii haijamaliza kazi yake." Na kweli, usiku ule ule akiwa wodini sukari ilishuka tena. Alilala hospitali siku mbili, na kwa rehema ya Allah akarudi nyumbani akiwa mzima.

Daktari alituuliza swali moja tu: "Nani aliyemwambia achanganye hizi?" Sikujibu. Lakini swali lile ndilo lililonifanya nimtafute ndugu mmoja wa chuoni anayesoma mambo ya dawa, tukakaa siku kadhaa baada ya Ishaa akinifundisha. Ninayoandika hapa kuhusu mwili nimeyachukua katika darsa lile. Ninayoandika kuhusu sharia ni yale ambayo nilipaswa kuyakumbuka kabla.

Safari ya dawa mwilini

Kidonge unachomeza kina safari ya hatua nne. Kwanza kinayeyuka tumboni na kufyonzwa na utumbo. Pili kinasambaa kwa njia ya damu hadi mahali pa kazi. Tatu kinabadilishwa, hasa na ini, ili kipoteze nguvu na kiweze kutoka. Nne kinatolewa nje, mara nyingi na figo kwa njia ya mkojo. Kipimo alichoandika daktari kimehesabiwa kwa kuzingatia safari hiyo yote. Dawa ya pili ikiingia njiani, inaweza kuizuia ya kwanza isiingie, ikaikawiza kutoka, au ikaiharakisha kutoka. Hapo hesabu ya daktari imekwisha vunjika ingawa vidonge ni vile vile. Hii ndiyo wataalamu wanaiita mwingiliano wa dawa.

*Kukutana tumboni.* Kuna viuavijasumu, kama doksisaiklini na siprofloksasini, ambavyo vikikutana na madini ya kalsiamu, chuma au magnesiamu hushikana nayo na kuwa kitu kizito ambacho utumbo hauwezi kukifyonza vizuri. Kalsiamu imo kwenye maziwa. Chuma kimo kwenye vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito. Magnesiamu imo kwenye dawa nyingi za kiungulia. Mgonjwa anameza dawa yake kila siku kwa uaminifu, lakini sehemu kubwa inapita na kutoka bila kuingia kwenye damu. Vijidudu havifi vyote, na vinavyobaki vinapata nafasi ya kuizoea dawa. Ndiyo maana siprofloksasini inatakiwa imezwe angalau muda wa saa mbili kabla ya vitu hivyo au muda wa saa sita baada yake.

*Kukutana kwenye ini.* Ini lina vimeng'enya vingi vya kuvunjavunja dawa, na kundi kubwa kati yake linaitwa saitokromu. Fikirieni soko lenye milango michache ya kutokea. Baadhi ya dawa zinaziba mlango, nyingine zinaupanua.

Kilichompata Bibi ni kuzibwa kwa mlango. Sulfametoksazoli, ambayo ni sehemu ya kotrimoksazoli, inakizuia kimeng'enya kile kile ambacho glibenklamidi inakihitaji ili ivunjwe. Basi glibenklamidi ya jana haijaisha, ya leo inaongezwa juu yake, na kazi yake ni kulilazimisha kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu. Mtu mzima mwenye figo zilizochoka hatari yake ni kubwa zaidi. Ongeza sasa kwamba hali kitu tangu daku. Bibi hakuzidisha kidonge hata kimoja, lakini ndani ya mwili wake ilikuwa kama amezidisha.

Mfano wa mlango uliopanuliwa ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Hiyo inaliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, na dawa nyingine zinavunjwa upesi kabla hazijafanya kazi. Mwanamke anayetumia vidonge vya kupanga uzazi anaweza kushika mimba huku anavimeza kila siku. Mgonjwa wa VVU anayetumia dolutegraviri miligramu 50 mara moja kwa siku, akianza rifampisini huongezewa ili anywe mara mbili kwa siku. Tazameni jinsi jambo lilivyo: dawa zinaweza kuchanganywa, lakini anayejua anabadilisha kipimo.

Hata tunda linaweza kuziba mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Kanada, David Bailey na wenzake walikuwa wakifanya jaribio la dawa ya presha inayoitwa felodipini, wakatumia maji ya balungi ili kuficha ladha ya kitu kingine. Wakashangaa kuona dawa imejaa kwenye damu kuliko walivyotarajia. Balungi lilikuwa limekizuia kimeng'enya kilichomo kwenye utumbo. Hakuna aliyelitilia shaka tunda.

*Kukutana kwenye figo.* Wazee wetu wengi wanatumia dawa mbili za presha: moja kama enalaprili, na nyingine ya kukojosha kama hidroklorothiazidi. Magoti yakiuma, mtoto ananunua diklofenaki au ibuprofeni bila karatasi ya daktari. Kila moja kati ya hizi tatu inaigusa figo kwa njia yake, na zikikutana damu inayopita kwenye figo inaweza kupungua kiasi cha kuiharibu. Mwili ukikauka maji, hatari inaongezeka. Na mfungaji wa mji wenye joto kama wetu anakuwaje saa tisa alasiri?

*Kuvuta kamba moja, au kuvutana.* Wakati mwingine dawa hazigusani njiani, ila zinakutana kwenye kazi. Dawa ya mafua yenye klorofeniramini inaleta usingizi, na diazepamu nayo inaleta usingizi. Anayezitumia zote kisha akaendesha pikipiki amejiweka hatarini, yeye na abiria wake. Kinyume chake, propranololi ya presha inaweza kubana njia za hewa za mgonjwa wa pumu, na kuidhoofisha salbutamoli anayoivuta ili azifungue.

Kosa la namna hii linalotupata sisi wanafunzi hasa ni la parasetamoli. Wakati wa mitihani mtu ana mafua na kichwa kinamuuma. Anameza parasetamoli vidonge viwili, kisha anakunywa dawa ya mafua ya paketi bila kusoma kwamba ndani yake pia mna parasetamoli, kisha rafiki anampa nyingine yenye jina tofauti, nayo ni ile ile. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa saa ishirini na nne, yaani vidonge vinane vya miligramu 500. Ikizidi sana, ini linashindwa kuisafisha sumu inayobaki, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza asihisi kitu. Majina ya biashara ni mengi. Soma jina la dawa yenyewe, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo chini yake.

Ramadhani inazikusanya dawa

Hapa ndipo mwanafunzi wa dini anapoingia. Kwa miezi kumi na moja dawa za mgonjwa zimetawanyika: hii asubuhi kabla ya kula, hii mchana, hii jioni, hii wakati wa kulala. Ramadhani ikiingia, siku nzima ya dawa inabanwa katika usiku mmoja. Vile vidonge ambavyo daktari alivitenganisha makusudi vinakutana wakati wa kufuturu, tena pamoja na maziwa, uji na tende. Siprofloksasini inamezwa kwa maziwa. Chuma kinamezwa pamoja na dawa ya kiungulia. Dawa ya tezi ya shingo, ambayo inatakiwa tumbo tupu na ikae mbali na kalsiamu na chuma kwa muda wa saa nne, inamezwa katikati ya sambusa.

Na wakati wa daku ni mbaya zaidi, kwa sababu mgonjwa anajaza kila kilichobaki kabla ya adhana, kisha anakaa zaidi ya saa kumi na mbili bila chakula wala maji. Kwa mgonjwa wa sukari anayetumia glibenklamidi, kidonge cha daku ndicho cha kuogopwa. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inataka mgonjwa aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuingia. Mara nyingi kipimo cha daku hupunguzwa, kikubwa huhamishiwa futari, au dawa hubadilishwa kwa nyingine isiyoshusha sukari kwa nguvu hivyo. Miongozo hiyo hiyo inasema mfungaji ambaye sukari yake imeshuka chini ya 70, au imepanda kupita 300, afungue papo hapo. Haisemi atazame saa.

Wako wanaoogopa kupima kwa kudhani tone la damu linaharibu funga. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Jedda mwaka 1997, lilitaja kuchukua damu kwa ajili ya kipimo miongoni mwa mambo yasiyoharibu funga. Basi wapimeni wazee wenu mchana wa Ramadhani bila wasiwasi.

Nilipokosea kama mwanafunzi wa sharia

Nilipotulia nililipima jibu langu. Niliposema kwamba dawa ya usiku haiharibu funga, nilisema kweli. Kosa langu ni kwamba Bibi aliniuliza maswali mawili nikamjibu moja. Aliuliza kuhusu swaumu yake, na akauliza kama aende zahanati. La kwanza nilikuwa na elimu yake. La pili lilikuwa la watu wengine, nami nikalifunga kwa kauli ya "hakuna haja".

Mnaikumbuka hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo katika Sunan ya Abu Daud. Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa jiwe kichwani akajeruhiwa. Kisha akaota na kupata janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake madamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu lawama nzito, akawahesabu kuwa ndio waliomuua, na akawafundisha kwamba asiyejua anaponywa kwa kuuliza. Wanazuoni wa hadithi wamejadili nyongeza iliyomo mwishoni mwake kuhusu kupangusa juu ya bandeji, lakini lile funzo la kuuliza limepokewa kwa njia nyingine pia.

Nimeisoma hadithi hiyo darasani na kuifanyia mtihani. Sikuwahi kufikiri kwamba naweza kuwa mmoja wa wale wenzake. Wao walijua kwamba maji yapo, na hilo walilijua sawasawa. Wasichokijua ni jeraha. Mimi nilijua kwamba ni usiku, na sikukijua kidonge.

Hadithi ya pili ni ya Amr bin Shuaib kutoka kwa baba yake kutoka kwa babu yake, imo katika Abu Daud, Nasai na Ibn Majah. Maana yake ni kwamba anayejitia katika utabibu na hali hajulikani kwa elimu hiyo, anadhamini madhara yatakayotokea. Mafakihi wameijenga juu yake mlango mzima wa dhamana ya tabibu. Tukiisoma tunamfikiria mganga wa sokoni. Lakini je, anayemwambia mgonjwa ameze nini na saa ngapi, hajafanya kazi ya tabibu?

Wazee wetu katika elimu walikuwa waangalifu katika hili. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliweka katika al-Qanun masharti ya kuijaribu dawa, na mojawapo ni kwamba ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja usiochanganyika na mwingine, ili athari yake ijulikane. Ibn al-Qayyim katika at-Tibb an-Nabawi anaeleza kwamba tabibu mwenye busara hatumii dawa pale ambapo chakula kinatosha, wala hatumii dawa ya mchanganyiko pale ambapo ya kitu kimoja inatosha. Hawakuwa na habari za vimeng'enya, lakini walijua kwamba kila unapoongeza kitu unaongeza jambo la kuchunga.

Na juu ya yote iko rukhsa. Aya za swaumu katika Surat al-Baqara zimemtaja mgonjwa kwa jina lake na kumpa siku nyingine, kisha zikaeleza kwamba Allah anatutakia wepesi. Nilipomwambia Bibi avumilie saa mbili, nilikuwa namzuilia kitu ambacho Mola wake alikwisha kumpa. Mgonjwa anayetarajiwa kupona atalipa siku zake. Ambaye ugonjwa wake wa kudumu haumruhusu kufunga tena, analisha maskini kwa kila siku. Na neno la tabibu mjuzi na mwaminifu kuhusu hatari ya mwili linakubaliwa na mafakihi wetu katika kuithibitisha rukhsa hiyo.

Vipi kuhusu habbasoda?

Nilipolieleza somo hili katika halaqa, ndugu mmoja alisema, "Basi waachane na vidonge watumie tiba ya Sunna, haina madhara." Tumheshimu kwa mapenzi yake, lakini tulipime neno lake. Hadithi ya habbasoda imo katika Bukhari na Muslim na tunaiamini. Kitu chenye nguvu ya kuponya kina nguvu mwilini, na chenye nguvu kinaweza kukutana na chenye nguvu. Tafiti zimeonyesha kwamba habbasoda inaweza kushusha sukari ya damu. Hilo ni jema, lakini mtu anayemeza vidonge vya kushusha sukari halafu anaongeza vijiko vya habbasoda bila daktari wake kujua, anavuta kamba moja mara mbili. Kitunguu saumu kikitumiwa kwa wingi kama dawa kinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia wafarini. Vivyo hivyo kwa mizizi na majani tunayochemsha nyumbani. Kuvitumia hakukatazwi. Vihesabiwe kuwa ni dawa, na vitajwe pale mgonjwa anapoulizwa anatumia nini.

Tufanye nini

1. Kila mgonjwa nyumbani awe na karatasi moja yenye orodha ya dawa zake zote: za daktari, za dukani, na za mitishamba. Iwekwe pamoja na kitambulisho chake. Mimi ndiye niliyeiandika ya Bibi.

2. Kabla ya kununua dawa yoyote, mwonyeshe muuzaji karatasi hiyo na uulize: Je, inapatana na hizi? Akisema hajui, amekutendea haki. Nenda kwa anayejua.

3. Uliza mambo matatu kwa kila dawa mpya: Imezwe na chakula au bila chakula? Ikae mbali na dawa gani? Dalili gani ikitokea nirudi upesi?

4. Wapelekeni wazee wenu kliniki mwezi wa Shaabani. Msisubiri mwezi uandame.

5. Usimkatishe mtu dawa yake kwa sababu ya makala haya. Kuacha ghafla dawa ya presha, kifafa au sukari kunaweza kuwa hatari kuliko mwingiliano wenyewe. Anayebadilisha ni yule aliyeandika, au mwenzake mwenye elimu hiyo.

6. Mgonjwa wa sukari akitokwa na jasho, akitetemeka au akianza kuongea yasiyoeleweka, mpe sukari vijiko vitatu au vinne katika maji, kisha upime baada ya dakika kumi na tano. Kama amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na kama anatumia glibenklamidi, mpeleke hata akiamka, kwa sababu sukari inaweza kushuka tena baada ya saa nyingi.

7. Ukiulizwa swali lenye sehemu mbili, jibu sehemu yako, na ile nyingine umpeleke mwulizaji kwa wenyewe. Ikiwezekana, mshike mkono mwende pamoja.

Kumalizia

Bibi hafungi tena. Daktari alimkataza, naye alilia siku ile kama mtu aliyefiwa, kwa sababu alikuwa akifunga tangu utoto wake. Sasa kila jioni ya Ramadhani anapika mwenyewe chakula cha maskini mmoja, na mimi ndiye ninayekipeleka. Nilimwomba radhi. Alicheka akasema, "Wewe ulinijibu unachokijua. Siku nyingine niambie na usichokijua." Sijapata mwalimu aliyenieleza adabu ya fatwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Allah atujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kujibu, awaponye wagonjwa wetu, na asitufanye kuwa sababu ya madhara kwa wanaotuamini. Amin.

*Maswali ya kujadili katika halaqa*

1. Taja hatua nne za safari ya dawa mwilini, na kwa kila moja eleza mfano wa jinsi dawa ya pili inavyoweza kuingilia.
2. Kwa nini Bibi alipata madhara ingawa hakuzidisha kipimo cha dawa yoyote?
3. Katika hadithi ya mtu aliyejeruhiwa kichwani, wale wenzake walijua nini na hawakujua nini? Linganisha na hali moja uliyowahi kuiona nyumbani kwenu.
4. Je, dhamana iliyotajwa katika hadithi ya tabibu inamhusu mwanafunzi wa dini anayempangia mgonjwa saa za dawa? Toeni hoja za pande zote mbili.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.